Maneno Manne ya Mama Ziro

Kafedha si mjinga. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatawafanya baadhi yenu mumcheke, na ruhusa ya kumcheka ninayo mimi peke yangu, niliyekaa naye ofisi moja miaka saba na kula mihogo yake ya nazi kumshinda mumewe.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja hapa Mjambere, juu ya duka la mabati na misumari. Kazi yetu ni kuhifadhi tovuti za watu. Mtu akiwa na kanisa, shule au biashara, akataka ionekane mtandaoni, ni lazima tovuti yake ikae mahali, kama vile mpangaji anavyohitaji chumba. Kafedha amekodi seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na humo tumewapangisha watu sitini na watatu. Yeye ndiye fundi na ndiye mwenye kampuni. Mimi, Pascalia Kioko, mzaliwa wa Changamwe, binti wa Mkamba aliyefuata kazi ya bandari, napokea simu na kukasirika kwa niaba ya kampuni.

Kukasirika yeye hawezi. Amelelewa Kaloleni, kwenye boma ambamo mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajala. Alipomaliza shule alikuja Bamburi akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli. Siku moja tovuti ya hoteli ikazimika, fundi wake hashiki simu, na wageni wanashindwa kuweka nafasi. Kafedha akaomba aachiwe aitazame. Alikaa nayo siku tatu, akisoma na kujaribu, mpaka ikawaka. Hoteli ilipofungwa baadaye, wenzake waliondoka na barua ya shukrani, yeye akaondoka na ufundi. Tovuti ya kwanza aliyoijenga ilikuwa ya kwaya ya kanisani kwao. Ya pili ilikuwa ya chama cha kuzikana cha Mzee Munga, na hiyo ndiyo iliyotufanya tukajulikana.

Mzee Munga ni karani mstaafu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akienda kununua mkate. Chama chake kina wanachama kutoka Likoni mpaka Mtwapa, na tovuti yake husomwa kila asubuhi: nani amefariki, mwili unatoka mochari saa ngapi, basi la kwenda bara linaondokea wapi. Alipoona imefaa, alianza kututangaza kila penye watu. Wateja wetu wengi wamekuja kwa neno lake, na tulijua wote wawili kwamba wangeweza kuondoka kwa neno hilo hilo.

Sasa tuje kwenye maneno ya siri, ambayo sisi twayaita paswadi. Kila mteja anayo yake ya kuingilia kwenye tovuti yake, na kila mteja huisahau. Mwaka wa mwanzo nilikuwa nikipokea simu ishirini kwa siku, zote "nimesahau". Kafedha akabuni dawa. Kila mteja akapewa jina la mtoto wake wa kwanza, likafuatwa na mwaka alioanzisha shughuli yake. Nani atasahau jina la mwanawe? Simu zikapungua, tukajiona tumeuweza ulimwengu.

Wasomaji wa mbali huenda hawaoni kasoro iko wapi, basi niwaeleze. Kwa Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba. Na akishazaliwa, wazazi wake hawaitwi tena majina yao. Mumewe Kafedha, anayefanya kazi kwenye ghala la mafuta Changamwe, ni Nguma wa Ziro. Mtoto wao akaitwa Ziro. Toka siku ile Kafedha ni Mama Ziro sokoni, Mama Ziro kanisani, na Mama Ziro kwenye kibao cha ofisi. Kwa hiyo kila ulipomwamkia mteja wetu barabarani, "Baba Fulani, hujambo?" ulikuwa unaitaja paswadi yake kwa sauti. Miaka sita hatukuliona hilo. Mimi pia sikuliona, na mimi ndiye mwenye mdomo.

Jumanne moja mwezi wa tatu simu ilianza kulia kabla sijaweka mkoba chini. Nikafungua tovuti ya chama cha kuzikana. Tangazo la msiba wa marehemu Mama Nyale lilikuwapo, na picha yake na kilemba chake. Chini yake kulikuwa na karata zinazocheza na maandishi mekundu: BAHATI YAKO IMEFIKA! BONYEZA HAPA USHINDE! Watoto wa marehemu walikuwa wameliona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kafedha akakaa, akafungua kumbukumbu ambazo seva huziandika, kila anayebisha hodi na kila anayeingia. Nilisimama nyuma yake. Mtu asiyejulikana, kutoka nchi ambayo hatukuweza kuibaini, alikuwa ameingia kwa mlango wa Mzee Munga. Hakuvunja kitu. Alijaribu mara tatu akakosea, mara ya nne akapata: Kai2009.

"Amejuaje?" nikauliza.

Kafedha alifungua ukurasa wa mbele wa chama, akaweka kidole kwenye kioo. Palikuwa pameandikwa: Mwenyekiti, Mzee Munga, Baba Kai. Chama kilianzishwa mwaka 2009.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, tukawa wawili tunacheka huku simu inalia. Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho kwa pindo la leso, na nikaona kwamba analia kweli.

"Pascalia, nimewapa watu mlango, ufunguo nikautundika nje."

"Hata asingebahatisha," nikasema, "angepiga simu akaamkia vizuri, ungempa."

Hilo halikumfurahisha, lakini lilikuwa kweli. Mtu akisema, "Shikamoo Mama Ziro, mie binti wa dadake Mzee Munga, nimetumwa," Kafedha alikuwa akimsomea paswadi herufi kwa herufi na kumuuliza watu wa nyumbani hawajambo.

Mzee Munga alifika mwenyewe saa nne. Hakukubali kiti.

"Shikamoo baba," Kafedha akasema.

"Marahaba. Mama Ziro, mimi nimesimama mbele ya watoto wa marehemu nikaulizwa kama chama kimeanza kuchezesha kamari. Sijakuja kugomba. Jumamosi saa tatu nimeita wateja wako wote niliokuletea, pale ukumbi wa kanisa. Utatueleza. Ukitueleza tukatosheka, tutabaki. La sivyo kuna kampuni ya Nairobi imeniandikia, tutahama, na nitakapohama sitahama peke yangu."

Alipotoka nilipiga hesabu ya kichwa nikaona tutabaki na tovuti tisa, mojawapo ya kaka yangu, ambaye hauzi kitu chochote.

Basi akaanza kazi, na hapa nataka mumwone Kafedha ninayemjua mimi, maana huyu hamumwoni sokoni. Siku tatu alikaa kwenye kiti kimoja na thermosi ya chai ya tangawizi. Kwanza alifuta takataka zote za mwizi na kurudisha tovuti ya chama kutoka kwenye nakala ya wiki iliyopita. Halafu akagundua kwamba programu nyingi za seva hatukuwa tumezisasisha miaka miwili, na kwamba wapangaji wetu sitini na watatu walikuwa wakilala katika chumba kimoja kikubwa. Mwizi akiingia kwa Munga, angeweza kutembea mpaka kwa kila mtu. Bahati tu hakujisumbua. Kafedha akajenga kuta. Akafunga milango ya nyuma ambayo tulikuwa hatuijui ni ya nini. Akaweka bawabu, programu inayohesabu: ukikosea paswadi mara tano, mlango unafungwa saa nzima, uwe nani uwe nani. Wa kuufungua kabla ya hapo ni mwenye ufunguo mkubwa tu, paswadi ya kampuni tuliyokuwa nayo yeye na mimi. Kila alipomaliza jambo moja alipiga kofi moja na kusema, "Haya, lingine!" Mimi niliogopa wiki nzima, yeye nilimwona anafurahia. Mtu akiipenda kazi yake hawezi kulificha hilo.

Zikabaki paswadi. Tulijaribu kwanza zile za herufi zilizovurugwa, zinazotengenezwa na mashine. Tukampa Salha, mpambaji wa maharusi wa Bamburi, iwe majaribio. Baada ya nusu saa akanipigia.

"Pascalia, wallahi, hii ni paswadi au ni paka kakanyaga simu?"

"Itakubidi uikariri, dada."

"Nishaiandika kwa penseli ukutani, hapa karibu na kioo. Siipotezi tena."

Karibu na kioo, mahali ambapo maharusi na mama zao na mashangazi zao wote hukaa. Nilimweleza Kafedha. Akaweka kikombe chini.

"Kitu wasichoweza kusahau," akasema, "lakini kisiwe chao. Kisiwe jina, kisiwe mwaka, kisiwe mtoto." Kisha akapiga kofi. "Kura!"

Chama chochote hapa kwetu kina kikapu cha kura. Ni nani apokee mchango mwanzo, ni nani apike sherehe, kikapu huamua, na hakuna wa kulalamika. Kafedha alitaka tuandike maneno mengi kwenye vipande vya karatasi, neno moja kila kipande, maneno ya kawaida yasiyohusiana. Kila mteja angeokota manne. Maneno manne yaliyookotwa kwa kura, akasema, mashine ya mwizi itayatafuta mpaka izeeke, na mtu anaweza kuyakumbuka kwa sababu yanachekesha. Ijumaa kutwa tuliandika. Bamia, spana, sinia, treni, kobe, koleo, harusi, pilipili. Yalipokwisha maneno ya jikoni tukahamia dukani chini, tukasoma majina ya vyuma. Tulifika karibu elfu moja na vidole vyangu vikawa havikunjiki.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mapasta walikuja, walimu wakuu walikuja, Salha alikuja na mahamri ya kuuza, hakosi nafasi. Mzee Munga alikaa mbele katikati, mikono juu ya mkongojo. Kafedha alisimama na gauni lake la bluu la kwaya akaeleza kila kitu. Hakujificha nyuma ya maneno makubwa. Aliposema paswadi zetu zilikuwa ni majina ya wazaliwa wa kwanza, mwalimu mmoja akamgeukia jirani yake, "Kumbe yako ni Katana!" na jirani, "Na yako ni Mwaro!" Ndani ya dakika moja ukumbi mzima ulikuwa ukitajiana paswadi kwa vicheko. Kafedha aliwaacha wamalize. Alisema samahani, akasema kosa ni lake, akawaonyesha kikapu.

"Baba, anza wewe," akamwambia Mzee Munga.

Mzee akainuka. Kwa utaratibu wa chama chake, kura huokotwa mbele ya watu na kusomwa kwa sauti, ili pasiwe na hila. Miaka kumi na kitu amefanya hivyo. Akaokota karatasi nne, akavaa miwani, akasafisha koo, na kwa sauti ya kutangaza msiba akasoma: "Pweza! Ngazi! Sukari! Baiskeli!"

Watu walipiga makofi. Nilifunika uso kwa mikono yangu.

"Baba," Kafedha akasema polepole, "hizo sasa tunazijua watu sabini. Itabidi uokote tena."

"Mimi sifichi kura, Mama Ziro."

"Hii utaificha."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mzee, baada ya kutazama huku na huku, akacheka kidogo naye. Akaokota nyingine nne, akaenda nazo nyuma ya mimbari, akazisoma huko kwa midomo tu. Baada yake kila mtu alipita. Mngewaona! Mapasta walijifunika na Biblia. Akina mama walifunga karatasi kwenye pindo za leso. Mwalimu mkuu mmoja wa Kisauni alitembea ukumbini akiyakariri maneno yake na kutikisika kwa kucheka, na alipoulizwa ana nini akasema hawezi kusema. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa na siri.

Kila mmoja alikuja kwenye laputopu yetu akaandika paswadi yake mpya sisi tukiwa tumegeuza mgongo. Mzee Munga alikuwa wa mwisho. Aliandika, akaketi, akafikiri, kisha akasimama tena.

"Kabla hatujapiga kura ya kubaki au kuhama, nataka watu waone mimi naingia kwangu. Kuna tangazo la msiba wa leo linangoja."

Akakaa mbele ya laputopu, akaandika kwa kidole kimoja. Ikakataa. Akafuta miwani, akaandika tena, ikakataa. Mara ya tatu alisema mashine ina wazimu. Mara ya nne nilimwona akihesabu maneno kwa vidole, ameyapindua mpangilio. Mara ya tano kioo kikasema: Mlango umefungwa. Jaribu tena baada ya saa moja.

Akageuka. "Mama Ziro, nifungulie."

Kafedha angeweza kumfungulia kwa kubonyeza mara mbili. Nilikuwa kando yake, nikamkanyaga mguu. Mfungulie, nilikuwa namwambia kwa kila njia isiyo na sauti. Huyu ndiye mwenye kura zote za ukumbi huu, mfungulie tuende nyumbani.

"Baba," akasema, "nisamehe. Sitaweza."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki. Nakujua, umesimama kwenye harusi yangu. Lakini nikikufungulia kwa sababu nakujua, kesho atapiga simu mtu mwenye sauti kama yako, nami nitamfungulia vile vile. Ndivyo nilivyo, na watu wanajua. Saa moja, baba. Nitakaa nawe."

Mzee Munga akasogeza kiti mpaka dirishani akatupa mgongo. Pasta mmoja akanong'ona kwamba hii si adabu, mwingine akaitikia. Kafedha akatoka akarudi na chai, akamwekea Mzee kikombe na mahamri mawili kwenye sahani, akavuta kiti akakaa karibu naye. Salha aliuza mahamri yote, na mimi nilitamani ardhi ipasuke nipotelee humo.

Saa ilipokwisha Mzee alirudi kwenye laputopu. Alifumba macho, akasogeza midomo, akaandika polepole sana. Mlango ukafunguka. Akaweka tangazo lake la msiba, akalisoma mara mbili kuhakikisha hakuna kosa, kisha akasimama akawaelekea watu.

"Mimi nimezeeka nikifunguliwa milango," akasema. "Ofisi imefungwa, wakisikia ni Munga wanafungua. Mochari imefungwa, wanafungua. Leo nimekatazwa kuingia kwangu mwenyewe na mwanamke niliyemkabidhi kwa mumewe kwa mkono huu. Nimekaa pale dirishani nimekasirika, nikatafuta la kumwambia, sikupata. Huyo mwizi hanishindi mimi kwa heshima. Kama mimi sikufunguliwa, yeye atamwamkiaje ili afunguliwe? Haya. Anayetaka kuhama ainue mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Mapasta wale wawili walikuwa wa kwanza kupiga makofi, kama kawaida yao. Kisha wanakwaya wenzake Kafedha wakapiga vigelegele, Salha akamzungushia leso kiunoni, na Mzee Munga akawa anamwambia kila aliyempita kwamba ana maneno manne na hawezi kumwambia ni yapi.

Nilimkuta Kafedha nje, ameegemea ukuta, anacheka na kuhema.

"Pascalia, sijawahi kumwambia mzee sitaki."

Nilimkumbatia. Nilikuwa na furaha hata nikashindwa kumdanganya. "Mwenzio ningemfungulia," nikamwambia. "Toka mara ya kwanza aliponitazama."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana asubuhi nilikuondolea ufunguo mkubwa."

Nilikasirika pale pale. Kisha nikaiona sababu yake, nikacheka mpaka ikabidi nami niuegemee ukuta.